Guka Yako Alipelekwa Manyani? Hivi Ndivyo Unaweza Kutafuta Story Yake Mapema

Kabla Jogoo Road iitwe Jogoo Road, iliitwa Doonholm Road. Na kabla Donholm iwe Phase hii na Phase ile, stage ya Caltex na keja za ghorofa sita, ilikuwa shamba la ng'ombe wa maziwa la Mskoti mmoja anaitwa James Kerr Watson. Hiyo wasee wengi wa mtaa wamewahi kuisikia. Chenye hatuongeleangi ni kile kilitokea kwa hizi estate za kando ya barabara hiyo mwaka wa 1954, na vile bado kiko ndani ya familia zetu, kimenyamaza tu.

Jumamosi, tarehe 24 Aprili 1954, wasee wa Nairobi waliamka wakapata mji umefungwa. Maelfu ya wanajeshi na makarao, chini ya Jenerali George Erskine, walikuwa wameziba kila njia. Wakaanza kupita mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba. Hiyo ndiyo Operesheni Anvil. Ukiwa Mkikuyu, Muembu au Mmeru, ulitolewa nje na kile ulikuwa umevaa, ukaketishwa chini, ukaangaliwa karatasi zako, ukapakiwa kwa lori. Msako uliendelea kwa wiki kadhaa. Zaidi ya watu 20,000 waliishia kwa kambi za kizuizini, na wengi wao hawakuwahi kuona korti.

Kama familia yenu iliishi Nairobi wakati huo, kuna uwezekano mkubwa kuna mtu wenu kwa hiyo hesabu. Swali ni kama unajua. Na kama hujui, hii makala ni ya kukuonyesha pa kuanzia.

Wageni kwa mji wao

Ili uelewe karatasi utakazopata, lazima kwanza uelewe gava ya mkoloni iliona guka yako kama nani. Haikumwona kama mkaaji wa Nairobi. Ilimwona kama mhamiaji, mtu ametoka "reserve" kuja kufanya job, na akimaliza arudi kwao. Tangu 1920 hivi kila mwanaume Mwafrika alilazimika kutembea na kipande, karatasi ya alama za vidole na jina la mwajiri wake, ndani ya kibati kilichoning'inizwa shingoni. Kipande kilikuja kuondolewa, lakini Hali ya Hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952 na Gavana Evelyn Baring, masharti yalirudi yakiwa makali zaidi. Baada ya Anvil, Mkikuyu, Muembu au Mmeru aliyetaka kubaki Nairobi alihitaji kitabu cha pasi.

Kwa hivyo siku ya msako hakuna aliyeulizwa amefanya nini. Aliulizwa anatoka wapi. Halafu alipelekwa Lang'ata kuchujwa. Mbele yake alikaa mtu amefunikwa gunia kutoka kichwani, limetobolewa macho tu. Wakikuyu walimwita gakunia. Gakunia akitikisa kichwa, maisha yako yamebadilika. Hukujua ni nani. Angeweza kuwa jirani, mtu mlikula naye jana yake.

Na isikae kama hii ni story ya kabila moja. Wakamba wengi pia walifungwa, hasa wafanyakazi wa reli, na kati ya wazae walioishtaki Uingereza baadaye, Ndiku Mutua na Paulo Nzili ni Wakamba. Wahindi pia wako ndani. Makhan Singh alizaliwa Punjab, akaletwa Nairobi akiwa kijana mwaka wa 1927, akawa mwanzilishi mkubwa wa vyama vya wafanyakazi. Alienda India, na Waingereza wakamfunga huko wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Akarudi Kenya, wakamshika tena Mei 1950, na hakuachiliwa mpaka Oktoba 1961. Zaidi ya miaka kumi na moja. Pio Gama Pinto, mzaliwa wa Nairobi wa familia ya Goa, alishikwa miezi michache baada ya Anvil kuanza akapelekwa kisiwa cha Manda, huko Lamu.

Na kama wenu ni Waluo, Waluhya au Wakamba waliokuja Nairobi katikati ya miaka ya hamsini, uliza walipata vipi job na nyumba. Anvil iliacha maelfu ya nafasi wazi, na watu kutoka sehemu zingine wakajaza. Hakuna familia ya Eastlands iko mbali na hii maneno.

Kwani mbona hawakutuambia?

Guka yangu alikataa maisha yake yote kuenda Mombasa. Tulidhani ni joto. Tulimchekelea kabisa, mzee wa ushago anaogopa jua. Alipokufa ndipo shosho akasema, bila hata kuacha kuchambua maharagwe, "Barabara ya Mombasa inapitia Manyani." Hiyo tu. Nenda utazame ramani. Manyani na Mackinnon Road, kambi mbili kubwa zilizopokea watu wa Anvil, zote ziko kwa hiyo barabara na reli.

Kulikuwa na sababu nyingi za kunyamaza. Moja, sheria. Mau Mau ilipigwa marufuku na mkoloni mwaka wa 1950, na hiyo marufuku haikuondolewa mpaka 2003, miaka arobaini baada ya uhuru. Mzee angejitapa aje kuhusu kitu ambacho kwa karatasi bado ni haramu?

Mbili, kiapo. Walikula kiapo cha siri, na kwa kambi walipigwa ili wakitoe. Kuongea kulikuwa ndiyo njia ya kutoka. Kuna mtu aliyeongea akatoka, na kuna mtu aliyekataa akakaa miaka. Wote wawili walirudi kijiji kimoja.

Tatu, shamba. Wakati wanaume wako ndani, gava ilikuwa inapima na kuunganisha mashamba ya Central. Waliokuwa upande wa gava, wale ngati, walikuwa hapo wakati mipaka inachorwa. Wengi waliotoka kambi walipata ardhi imepungua au imeenda. Kwa hivyo ukimuuliza mzee kuhusu Manyani, unaweza kuwa unamuuliza pia kuhusu jirani wa leo. Enda pole.

Hatua ya kwanza: keti na wazae

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo hakuna mtu atanishika na digrii ya historia. Lakini nimejifunza kwamba bila majina hata profesa hatapata kitu. Usianze kwa kuuliza "ulikuwa Mau Mau?" Hapo umefunga mlango. Uliza vitu vidogo:

Mwaka wa 1954 ulikuwa unaishi wapi? Pumwani, Kaloleni, Shauri Moyo, Bahati? Ulikuwa unafanyia nani kazi? Jina la baba yako lilikuwa nani, na chifu wenu alikuwa nani? Uliitwa jina gani kazini, na uliitwa gani kanisani? Uliachiliwa ukapelekwa wapi?

Jina ndilo shida kubwa. Karani wa mkoloni aliandika alichosikia. Njoroge anaweza kuwa Joroge, Kamau s/o Mwangi wanaweza kuwa mia moja. Hiyo "s/o" utaiona kila mahali, inamaanisha mtoto wa fulani. Ndiyo maana jina la baba na la chifu ni muhimu kuliko jina la guka mwenyewe. Kama hajui mwaka alizaliwa, uliza rika lake, yaani alitahiriwa na kina nani. Wazae wa Central walipatia kila rika jina, kama wale Anake a Forty wa 1940 hivi, kwa hivyo rika inakupa umri.

Muulize shosho kuhusu yeye mwenyewe pia, si kuhusu bwanake pekee. Wanawake walifungwa Kamiti. Na wale hawakufungwa, kuanzia katikati ya 1954 zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu kutoka kwa boma zao wakaingizwa kwa vijiji vya gava, vimezungushiwa mitaro na miti iliyochongwa, na saa za kutotoka nje. Ile neno tunatumia kuchekelea ushago, gichagi, kwa wazae wengi ni hicho kijiji.

Rekodi kwa simu, lakini omba ruhusa kwanza. Na akisema imetosha, imetosha.

Hatua ya pili: jua njia ya kambi

Hakuna mtu alifungwa mahali pamoja tu. Waingereza waliunda mfumo, kama bomba la maji. Unaingilia juu, unatokea chini karibu na kwenu, ukikubali "kubadilika". Baada ya Lang'ata, watu walipangwa kwa rangi. Weupe waliachiliwa au wakarudishwa reserve. Wa kijivu walienda kambi za kazi. Weusi, yaani sugu, walienda Manyani au Mackinnon Road. Baadaye walitumia herufi: W kwa weupe, Y kwa kijivu, Z kwa weusi. Ukiona Z1 au Y2 kando ya jina kwa faili, sasa unajua si namba ya chumba. Ni hukumu.

Hii inasaidia kwa sababu jina la kambi linakuambia mtu alikuwa hatua gani. Mwea ilikuwa kambi za kazi, na ule mchele wa Mwea tunanunua hapa sokoni unakua kwa mashamba ambayo mifereji yake ilichimbwa na hao wasee. Hola, huko Tana River, ilikuwa ya waliokataa kabisa. Hapo ndipo wafungwa 11 walipigwa wakafa tarehe 3 Machi 1959 kwa sababu walikataa kufanya kazi, na gava ikadanganya kwanza kwamba ni maji waliyokunywa.

Na Embakasi, dakika chache kutoka Donholm. Ndege zinazopita juu ya keja yako zinatua kwa uwanja uliojengwa kwa jasho la wafungwa wa Hali ya Hatari, kabla ufunguliwe mwaka wa 1958. Hiyo ndiyo JKIA.

Hatua ya tatu: ingia Archives

Umesema "tupatane Archives" mara ngapi? Ile nyumba ya zamani hapo Moi Avenue, iliyokuwa benki ya India, ndiyo Nyaraka za Kitaifa za Kenya. Chini kuna maonyesho ya sanaa. Juu kuna chumba cha kusomea, na kinafunguliwa kwa kila Mkenya. Beba kitambulisho, jisajili, lipa ada ndogo ya usajili. Hawatakuuliza digrii.

Usiende ukisema "natafuta guka". Faili hazipangwi kwa majina ya watu. Zimepangwa kwa idara na wilaya. Mwambie mhudumu unataka mafaili ya Idara ya Magereza, ya Maendeleo ya Jamii (ndio walisimamia kile waliita kurekebisha wafungwa), na ripoti za DC wa wilaya ya kwenu, kati ya 1953 na 1960. Atakuonyesha orodha, wewe uchague namba za faili, zikuletewe.

Kitu chenye kilinishangaza zaidi ni barua. Wafungwa waliandika. Waliandikia gavana, waliandikia wakuu wa magereza, waliandikia wabunge wa London, wakilalamikia kipigo, chakula, kufungwa bila kesi. Baadhi ya hizo barua ziko kwa hayo mafaili mpaka leo, na majina yamewekwa chini. Usitarajie utapata ya guka yako siku ya kwanza. Lakini unaweza kupata barua ya kambi yake, ya mwaka wake, imeandikwa na mtu aliyelala kando yake.

Ukitaka kujua maisha ya ndani yalikuwaje, kuna vitabu viwili vya walioishi huko. J.M. Kariuki alipita kambi kumi na nne, akachapisha Mau Mau Detainee mwaka wa 1963. Gakaara wa Wanjau aliweka shajara yake kizuizini kwa siri, akaichapisha kwa Gikuyu 1983, na mwaka uliofuata ikashinda tuzo ya Noma. Tafuta maktaba.

Hatua ya nne: London, kwa bando zako

Kabla waende, Waingereza walichoma mafaili mengi na mengine wakayapakia wakaenda nayo. Kwa miaka na miaka walisema hayako. Ni kesi ya wazae watano iliyowabana mpaka 2011 wakakubali kwamba yalikuwa yamefichwa Hanslope Park, maboksi karibu 300 ya Kenya pekee. Sasa yako kwa Nyaraka za Kitaifa za Uingereza, huko Kew, chini ya namba FCO 141. Orodha yake iko kwa intaneti na kuitafuta ni bure. Weka jina la kambi au wilaya, si jina la guka, kwa sababu mengi ni mafaili ya sera. Yatakuambia waliompiga walikuwa wanafuata amri gani.

Kuna pia vijana wa hapa Kenya wanaofanya hii kazi. African Digital Heritage, iliyoanzishwa na Chao Tayiana Maina, pamoja na Museum of British Colonialism, wamechora ramani za kambi na kuzijenga upya kwa kompyuta, zikiwemo Aguthi na Mweru za Nyeri. Hizo mbili leo ni shule. Pengine una beste alisoma huko na akalala kwa bweni lililokuwa seli.

Hatua ya tano: rudi ushago

Kanisa lina rejista za ubatizo na ndoa. Pengo la miaka sita kati ya mtoto wa kwanza na wa pili ni ushahidi pia. Ofisi ya ardhi ina tarehe ya shamba lenu kusajiliwa, na ukiiweka kando ya tarehe guka alitoka kambi utaelewa vikao fulani vya familia vinavyoishianga kwa kelele. Angalia pia chini ya godoro, ndani ya Biblia, ndani ya ule mkebe wa shosho. Vitabu vya pasi vimehifadhiwa kwa nyumba nyingi kuliko unavyodhani.

Ukipata kitu hukutaka

Hapa ndio noma iko. Unaweza kuingia ukitafuta shujaa ukapata ngati. Unaweza kupata guka alitaja majina ndio atoke. Unaweza kupata yeye ndiye alikuwa ndani ya gunia.

Tembea hizi estate usome majina. Ofafa na Mbotela ni majina ya wanasiasa wa Nairobi waliouawa miaka ya kwanza ya Hali ya Hatari, wakionekana wako upande wa gava. Barabara ya Dedan Kimathi, aliyenyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, iko tao, mwendo wa mat moja. Mji uliamua kubeba majina ya pande zote. Familia pia inaweza. Kijana wa miaka ishirini na mbili, amepigwa wiki mzima, anaambiwa ataje jina moja aende nyumbani: wewe ungefanya nini? Kama huna jibu la haraka, basi usimhukumu haraka.

Lakini angalia na majina ya wengine. Ukipata faili inamtaja mzae wa jirani, hiyo si ya kupost. Watoto wake wako hai, na ng'ombe zao zinapitia boma yenu.

Saa inakimbia

Tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake bungeni kwa mateso ya kambi, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazae 5,228. Sanamu ya ukumbusho ikawekwa Uhuru Park 2015. Wengine zaidi ya 40,000 walijaribu kesi yao. Mwaka wa 2018 korti ya London ikaitupa: muda umepita sana, mashahidi wamekufa, ukweli hauwezi kupimwa tena.

Soma hiyo tena polepole. Hakimu hakusema haikutokea. Alisema mmechelewa.

Doo pengine haitakuja, tuambiane ukweli. Lakini aliyekuwa na miaka ishirini wakati wa Anvil sasa amepita tisini. Aliyekuwa mtoto amejificha chini ya kitanda kule Bahati akiona baba yake anatolewa, yuko kwa themanini, na bado anakumbuka baba alikuwa amevaa nini. Archives itakuwa hapo mwaka ujao. Faili za Kew hazitatoka. Huyo mzae ndiye hana uhakika wa mwaka ujao, na yeye ndiye anajua jina la baba, jina la chifu na jina la kambi, zile vitu tatu ambazo bila hizo faili zote ni karatasi tu.

Mpigie simu wikendi hii. Anza na rahisi: "Shosho, 1954 mlikuwa mnaishi wapi?" Halafu nyamaza umsikize.